Kamera ya Kwanza kwa Bajeti Finyu: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinatoka kwa watu wanaotaka kununua kamera yao ya kwanza ya DSLR (kamera ya dijitali yenye kioo cha ndani na lenzi inayobadilishwa) huku fedha zikiwa chache. Tumechagua saba, na baadhi tumezijibu kwa urefu kwa sababu kosa linalofanyika siku ya kununua huwa ghali kulirekebisha baadaye.

Swali: Ndugu Mhariri, nimeweka akiba kwa muda mrefu, na sasa fedha niliyonayo inatosha kununua kamera mpya ya daraja la chini kabisa pamoja na lenzi yake ya 18-55, bila kubakiza kitu. Rafiki yangu ananishauri nitafute kamera iliyotumika, lakini muuzaji anasisitiza kwamba hizo za zamani zina megapikseli chache na zimepitwa na wakati. Ninapenda kupiga picha za watu, hasa ndani ya nyumba na kwenye hafla za jioni. Nimsikilize nani? — *Mpenda picha za watu*

Jibu: Msikilize rafiki yako. Katika barua yako yote, kilichonitia wasiwasi ni hayo maneno “bila kubakiza kitu”, kwa sababu anayemaliza fedha yote kwenye bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) huishia kupiga picha za jioni kwa lenzi isiyomfaa, na uwezo wa kuibadilisha hana tena. Kwa picha unazozitaka wewe, lenzi inaamua mengi kuliko bodi, na huo ndio msimamo wangu katika majibu yote yatakayofuata: punguza matumizi kwenye bodi ili upate lenzi inayopitisha mwanga wa kutosha.

Tazama hesabu yake. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi huwa na tundu la kupitishia mwanga la f/3.5 ikiwa kwenye milimita 18 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na kadiri unavyovuta zumu tundu hilo hupungua hadi f/5.6 kwenye milimita 55, mahali ambapo wengi hupenda kupigia picha za uso. Lenzi isiyo na zumu yenye tundu la f/1.8 hupitisha mwanga unaokaribia mara 10 ya ule wa f/5.6. Kwa hiyo sebuleni usiku, pale ambapo lenzi ya kwanza inakulazimisha kutumia kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia) ya 1/25 ya sekunde, hii ya pili inakufikisha kwenye 1/250, ISO (kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga) ikiwa ileile. Kwa 1/25, mtu anayecheka au kugeuza shingo atatoka na ukungu. Kwa 1/250 utamnasa pamoja na kicheko chake. Hakuna bodi ya bei nafuu, hata iwe mpya namna gani, itakayokupa tofauti kubwa kiasi hicho ikiwa na lenzi ileile ya 18-55.

Kuhusu megapikseli, usitishike. Nikon D90, iliyotoka mwaka 2008, ina megapikseli 12.3, yaani picha yenye pikseli 4288 kwa 2848. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, kipimo kinachotumika kwa machapisho bora, unapata picha ya takriban sentimita 36 kwa 24, ambayo inaizidi karatasi ya A4. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6000 kwa 4000, na ingawa idadi imekaribia kuwa maradufu, upana wa picha umeongezeka kwa mara 1.4 tu. Canon yenyewe iliweka megapikseli 18 kwenye EOS 550D ya mwaka 2010, na miaka sita baadaye ikatoa EOS 1300D yenye megapikseli 18 vilevile.

Umri wa kamera una uzito wake mahali pengine, nako ni kwenye ISO ya juu. Vihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) vya zamani sana huonyesha chengachenga, yaani punjepunje kwenye picha, mapema, na rangi za ngozi hupauka ukipandisha ISO kufika 1600 au zaidi. Ndiyo maana nisingekushauri urudi nyuma kupita kizazi cha D90. Nikon D7000 ya mwaka 2010, au Canon EOS 60D ya mwaka huohuo, ni chaguo zuri zaidi kama unazipata, kwa kuwa hizo zilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokwisha kupiga hatua katika upigaji picha. Zina gurudumu moja la kidole gumba na jingine la kidole cha shahada, ili ubadilishe tundu na kasi ya shata bila kuondoa jicho kwenye kidirisha cha kutazamia, na kidirisha chenyewe ni kikubwa na chenye mwanga kuliko kile cha kamera za daraja la chini. Ukizikosa, Nikon D3300, Canon EOS 600D au 700D zitakufaa bila shida.

Linganisha hayo na baadhi ya kamera za bei ya chini kabisa zilizouzwa zikiwa mpya. Canon EOS 4000D ya mwaka 2018 ina kifungio cha lenzi cha plastiki badala ya chuma, haina kirekebishi cha macho kwenye kidirisha kwa anayevaa miwani, na pale juu inapochomekwa flashi hakuna ile pini ya katikati, kwa hiyo flashi nyingi za kampuni nyingine haziwaki juu yake. Kasoro hiyo ya pini ipo pia kwenye EOS 2000D. Kwa mtu anayepiga picha za hafla za jioni, hilo ni pigo kubwa, na muuzaji hatakuambia usipomuuliza.

Kwa hiyo tenga nusu ya fedha yako kwa ajili ya bodi, na usiivuke hata ukishawishiwa vipi. Theluthi iende kwenye lenzi, na kinachobaki kinunue kadi, betri ya pili na mfuko. Kabla hujachagua lenzi, fikiria ukubwa wa vyumba utakavyopigia picha. Kihisi cha kamera hizi, kinachojulikana kama APS-C, ni kidogo kuliko kile cha milimita 36 kwa 24 cha kamera za gharama kubwa, hivyo lenzi ya milimita 50 huona eneo finyu, sawa na lile ambalo lenzi ya milimita 75 au 80 huliona kwenye kihisi kikubwa. Ni nzuri mno kwa picha ya uso mmoja, lakini katika chumba kidogo mgongo wako utafika ukutani kabla hujawaingiza watu watatu kwenye picha. Kwa Nikon, lenzi ya AF-S DX 35mm f/1.8G ndiyo ningeitanguliza. Kwa Canon hakuna inayolingana nayo kwa bei na tundu. Wengi huchagua kati ya EF 50mm f/1.8 STM na EF-S 24mm f/2.8 STM, na kwako wewe ningesema 50, kwa sababu umetaja mwanga wa jioni.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu na ninataka kamera kwa matumizi yangu na ya klabu ya wanafunzi. Marehemu baba aliniachia lenzi mbili za Nikon alizokuwa akizitumia kwenye kamera ya filamu. Je, nikinunua Nikon yoyote ya bei nafuu zitafanya kazi? Na kama hazifanyi, je, nihamie Canon au Pentax? — *Mwalimu mwenye urithi*

Jibu: Mwalimu, urithi huo unaweza kukuokolea fedha nyingi au kukuingiza katika gharama, kutegemea bodi utakayonunua. Nikon imekuwa ikitumia kifungio kilekile cha lenzi, kinachoitwa F, tangu mwaka 1959, na kwa sababu hiyo watu wengi huamini kwamba lenzi yoyote ya Nikon inafanya kazi kwenye bodi yoyote ya Nikon. Kuingia huingia nyingi, lakini kuingia si kufanya kazi kikamilifu.

Zichukue lenzi zako mkononi. Kama pembeni zimeandikwa AF au AF-D bila herufi S (za AF-S zina mota yao ndani), zigeuze utazame upande wa nyuma, kwenye pete ya chuma: utaona kitu kidogo cha duara chenye ufa katikati, mfano wa kichwa cha skrubu. Hapo ndipo mota iliyo ndani ya kamera inaposhika na kuzungusha lenzi ili ipate fokasi, yaani picha ikaze. Kamera zote za mfululizo wa D3000, kuanzia D3000 yenyewe hadi D3500, na zile za mfululizo wa D5000, hazina mota hiyo. Ukifunga lenzi ya AF-D juu yake itakulazimu kuzungusha fokasi kwa mkono kila mara, jambo linalowezekana lakini linalowakatisha tamaa wanafunzi haraka. D90 na D7000 zina mota, nazo zitaziendesha lenzi za baba bila tatizo.

Kama lenzi zako hazina maandishi ya AF kabisa, basi ni za kufokasi kwa mkono. D7000 inaweza kupima mwanga kupitia lenzi hizo ukishaiambia urefu na tundu lake kwenye menyu, D90 haiwezi. Kuwa mwangalifu sana na lenzi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1977 ambazo hazikufanyiwa marekebisho, kwa maana ukingo wa pete yake unaweza kuvunja kijino kidogo kilichoko kwenye kifungio cha D90 au D7000. Mwoneshe fundi kabla hujaifunga.

Lipo na la upande wa pili. Nikon ilitoa baadaye lenzi zinazoandikwa AF-P, ambazo ni nyepesi na kimya, na mara nyingi ziliuzwa pamoja na D3400 na D3500. Hizo hazipati fokasi kwenye D90, D3100 wala D7000. Anayenunua bodi ya zamani na lenzi mpya kwa wauzaji wawili tofauti hukutana na mkasa huo akiwa nyumbani, fedha imeshalipwa.

Canon haina utata huo. Tangu ilipoanzisha kifungio cha EF mwaka 1987, mota ya fokasi imekuwa ndani ya lenzi, hivyo lenzi ya EF ya wakati huo hupata fokasi kwenye DSLR zote za EOS. Pentax nayo ina sifa moja ninayoipenda kwa moyo wote: kidhibiti mtikisiko kimewekwa ndani ya bodi zake nyingi za DSLR, kwa hiyo hata lenzi kuukuu hufaidika nacho. Tatizo ni kwamba lenzi zake zilizotumika ni chache sokoni kuliko za Canon na Nikon. Kwa klabu ya wanafunzi hilo lina uzito, kwa sababu mtaazimana vifaa, na kamera ambayo watu wanaokuzunguka wanayo ina faida kuliko ile iliyo bora kwenye karatasi. Kama lenzi za baba ni za AF-D na bado zi safi, nunua D7000 na usihangaike na kampuni nyingine.

Swali: Je, kamera hizi nafuu za DSLR zinafaa kwa video? Ninataka kurekodi mahojiano. — *Kijana wa video*

Jibu: Baadhi zinafaa. D90 ndiyo iliyokuwa DSLR ya kwanza duniani kurekodi video, lakini isikuvutie kwa sifa hiyo, kwani hukata baada ya dakika tano na haina tundu la kuchomeka maikrofoni. D3400 na D3500 pia hazina tundu hilo, ingawa ni mpya zaidi, na mahojiano yasiyosikika vizuri hayatazamwi na mtu. Tafuta Canon EOS 600D, 700D, au 70D ya mwaka 2013 kama bajeti inafika. Hiyo ya mwisho hufuata fokasi ya uso vizuri sana wakati wa kurekodi. Kisha fedha inayobaki iende kwenye maikrofoni ya kubana kwenye nguo kabla hujafikiria lenzi ya pili.

Swali: Nimepata mtu anayeuza Nikon D7000 iliyotumika pamoja na lenzi mbili. Ananiruhusu niikague kabla ya kulipa, lakini sijui nianzie wapi. Nitajuaje kwamba siuziwi mbuzi kwenye gunia? — *Mnunuzi mwenye hofu*

Jibu: Hofu yako ni ya haki, na umefanya vyema kuuliza mapema. Nenda mchana, ukiwa na kadi yako mwenyewe ya SD, tochi ndogo na kitambaa laini, na umwombe muuzaji muda wa kutosha. Anayekuharakisha anakuonesha jambo fulani.

Anza na kadi. Iweke, piga picha moja ya JPEG, kisha uifungue kwenye kompyuta au simu kwa programu inayosoma taarifa za picha. Nikon huandika ndani ya faili idadi ya mara shata ilivyofunguka na kufunga tangu kamera itoke kiwandani. Shata ya D7000 imejaribiwa kwa mara 150,000, ilhali za D90 na D3500 ni 100,000. Kamera iliyofikia 40,000 bado ina maisha marefu. Iliyopita 130,000 isikutishe kupita kiasi, kwani hiyo si siku ya kufa kwake, lakini bei lazima ishuke. Nakuonya tu kwamba kamera nyingi za Canon za daraja hili haziandiki idadi hiyo ndani ya picha, na huko utalazimika kupima kwa dalili nyingine: raba iliyonata au kubanduka, rangi iliyofutika kwenye vitufe, na chuma cha kifungio kilichosagika kwa kubadilisha lenzi mara nyingi.

Pili, kagua kihisi. Weka ISO 100 na tundu la f/16, vuruga fokasi kwa makusudi, kisha piga picha ya anga tupu au ukuta mweupe. Ikuze picha hiyo kwenye skrini na uipitie kona kwa kona. Madoa meusi yenye kingo laini ni vumbi, na vumbi husafishika. Mistari iliyonyooka au alama zenye kingo kali ni mikwaruzo, na hapo uagane na muuzaji kwa heshima. Kisha ufunike lenzi kwa kifuniko chake, upige picha ya sekunde kadhaa gizani, na utazame kama kuna nukta zinazowaka rangi nyekundu, buluu au kijani. Chache ni kawaida. Zikiwa zimejaa, kihisi kimechoka.

Lenzi ndiyo inayohitaji macho makali zaidi, kwa sababu ndiyo utakayobaki nayo hata bodi ikifa. Itoe kwenye kamera. Lenzi za Nikon za aina hii zikitolewa hufunga tundu lake, hivyo upande wa nyuma utafute kijiti kidogo cha chuma ukisukume kwa ncha ya kidole, na vile vidogo vya ndani vitafunguka. Vinapaswa kufunguka na kurudi papo hapo, vikavu na vyenye rangi moja. Vikiwa na mng'ao wa mafuta au vikisita, tundu litachelewa kujifunga na picha zako zitatoka na mwanga uliozidi. Ukiwa umekishikilia kijiti hicho, mulika tochi kutoka upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Utaona vumbi kidogo, na hilo halina madhara. Unachokitafuta ni nyuzinyuzi nyembamba zilizotawanyika mithili ya utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni mwa kioo. Hiyo ni kuvu, inayoota lenzi ikihifadhiwa mahali penye unyevu bila hewa. Hula tabaka la juu la kioo, na kuisafisha kunaweza kugharimu kuliko lenzi yenyewe. Hata punguzo likiwa kubwa namna gani, usiichukue.

Baada ya hapo jaribu fokasi. Weka gazeti mezani likiwa limelala, simama ulione kwa mshazari, lenga mstari mmoja wa maandishi ukitumia nukta ya fokasi ya katikati na tundu likiwa wazi kabisa, kisha piga. Rudia mara kadhaa. Mstari uliolenga ndio unaopaswa kusomeka vizuri kuliko ile ya mbele na ya nyuma. Iwapo kila mara unaosomeka ni wa nyuma zaidi, kuna tatizo la ulinganifu. D7000 ina sehemu kwenye menyu ya kurekebisha hilo. Kamera za daraja la chini hazina.

Mengine ni ya haraka. Bonyeza kila kitufe, inua flashi ya ndani na uiwashe, jaribu nafasi zote mbili za kadi, toa betri uone kama imevimba, na ulinganishe namba iliyo chini ya bodi na ile iliyo kwenye boksi au risiti. Kioo kilicho mbele ya shata usikiguse kamwe, wala kwa kitambaa.

Swali: Nimesoma kwamba kampuni zinaachana na DSLR. Je, si kupoteza fedha kununua kitu kinachokufa? Na simu za sasa je? — *Mwenye shaka*

Jibu: Ni kweli kwamba Canon na Nikon zimeelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) tangu mwaka 2018, zilipotoa mifumo ya EOS R na Z. Hata hivyo, kwa mwenye fedha kidogo hiyo ni habari njema. Watu wanaohama wanauza vifaa vyao, bodi na lenzi zilizokuwa ndoto miaka kumi iliyopita zimeshuka bei, na hakuna kilichopungua katika picha zinazotoka. Lenzi nazo hazipotei: zile za EF hufanya kazi kwenye bodi za EOS R kupitia adapta, na lenzi za Nikon za AF-S hupata fokasi kwenye bodi za Z kupitia adapta ya FTZ. Za AF-D hazipati fokasi huko, kwa hiyo anayewaza kuhama siku za usoni anunue AF-S tangu sasa.

Kamera isiyo na kioo iliyotumika, kama Sony a6000 ya mwaka 2014, ni chaguo la heshima, hasa kwa fokasi yake. Kinachonifanya nisiitangulize ni lenzi zake zenye tundu kubwa, ambazo kwa kawaida ni ghali kuliko 35 au 50 za DSLR, pamoja na betri: kwa vipimo vya kiwanda, a6000 hupiga picha karibu 360 kwa chaji moja, ilhali D3500 hufika 1,550.

Simu, ndiyo, zinapiga picha nzuri sana mchana. Lakini kihisi cha APS-C cha Nikon kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na vihisi vya simu nyingi havifiki robo ya eneo hilo. Kama picha zako zote ni za mchana na zinaishia kwenye skrini ya simu, baki na simu yako na uweke akiba. Hilo nalisema bila kusita.

Swali: Baada ya kamera, ninunue nini kwanza: tripodi, kichujio cha kulinda lenzi, au flashi? — *Mwenye orodha ndefu*

Jibu: Kwa picha za watu, flashi inayoweza kugeuza kichwa chake kuelekea dari. Dari jeupe hugeuka kuwa chanzo kikubwa cha mwanga laini, na vile vivuli vikali vya flashi ya ndani hutoweka. Inaweza kuwa ya kurekebisha kwa mkono, ambayo ni nafuu zaidi. Usichomeke flashi kuukuu ya enzi za filamu bila fundi kuipima, kwa sababu baadhi yake zina volti kubwa zinazoweza kuunguza saketi za kamera ya dijitali. Kichujio cha bei rahisi huongeza mng'ao usiotakiwa kwenye picha. Kikinga jua, ile pete inayochomoza mbele ya lenzi, hulinda lenzi vizuri zaidi. Tripodi isubiri. Kadi nunua mbili za wastani kwa muuzaji unayemwamini badala ya moja kubwa, maana kadi bandia ni nyingi, nazo hupoteza picha bila onyo. Programu ya kuhariri haihitaji fedha: NX Studio ya Nikon, Digital Photo Professional ya Canon, na darktable zinafungua faili za RAW (picha ghafi kutoka kwenye kihisi) bila malipo.

Swali: Mimi tayari nimenunua Canon EOS 700D na lenzi ya 50mm f/1.8 kama mlivyowahi kushauri, lakini picha za ndani bado hazikazi. Uso unakuwa na ukungu, sikio au pazia la nyuma ndilo linaloonekana vizuri. Je, nimeuziwa lenzi mbovu? — *Aliyevunjika moyo*

Jibu: Usivunjike moyo, ndugu yangu. Uwezekano mkubwa ni kwamba lenzi yako ni nzima na kamera ndiyo inayojichagulia mahali pa fokasi. Ukiacha nukta zote za fokasi zikiwa zimewashwa, kamera mara nyingi hushika kitu kilicho karibu zaidi au chenye mistari inayoonekana wazi, kama kola ya shati au ukingo wa pazia, na haijui kwamba wewe unataka jicho. Kwa f/1.8, mtu akiwa umbali wa mita moja na nusu, eneo linalokaza halizidi sentimita chache, hivyo kosa dogo kutoka jicho hadi sikio linatosha kuharibu picha.

Washa nukta ya katikati peke yake. Ielekeze kwenye jicho la mtu lililo karibu nawe, bonyeza kitufe nusu hadi usikie mlio, na upige hapohapo bila kusogea mbele wala nyuma. Ukiwa na mtu mmoja anza na f/2.2 badala ya f/1.8, wakiwa wawili waliosimama bega kwa bega, f/2.8, wakiwa kwenye safu mbili, f/4 au zaidi, hata ikibidi kupandisha ISO. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 kwa watu waliotulia, na 1/250 kwa wanaozungumza au kucheza. Lenzi hiyo haina kidhibiti mtikisiko, lakini hata ingekuwa nacho, kidhibiti hutuliza mkono wako tu, hakimtulizi anayepigwa picha.

Usiogope ISO 3200 kwenye 700D. Chengachenga hupunguzwa baadaye kwenye programu, hasa ukipiga kwa RAW, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Ukishafanya hayo na bado jicho halikazi, fanya lile jaribio la gazeti nililomweleza mnunuzi wa D7000 hapo juu, kisha urudie jaribio hilohilo ukitumia skrini ya nyuma badala ya kidirisha. Ikiwa kwa skrini mstari unakaza na kwa kidirisha haukazi, lenzi ni nzima ila bodi inahitaji kulinganishwa na fundi. Kwa wakati huo tumia skrini kwa picha za watu waliotulia. Ikiwa haikazi kwa njia zote mbili, irudishe lenzi kwa aliyekuuzia pamoja na picha hizo za majaribio.